Hadithi moja, manga mbili: uanzie wapi na Maomao?

Msomaji anayetaka kuanza The Apothecary Diaries hukwama kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Anatafuta kitabu namba moja, anakuta viwili. Jina ni lilelile, na msichana wa jaladani ni yuleyule mwenye madoadoa puani na nywele zinazoelekea kwenye ukijani, lakini mkono uliomchora si mmoja. Wengi hudhani moja ni halali na nyingine ni ya kughushi. Sivyo. Manga zote mbili, yaani hadithi za picha za Kijapani, zimeidhinishwa, na zote zimetoka kwenye riwaya moja.

Riwaya yenyewe ni ya Hyuuga Natsu, aliyeanza kuiweka kwenye intaneti mwaka 2011 kwa jina la Kusuriya no Hitorigoto, yaani maneno ambayo muuza dawa anajisemea peke yake. Tangu 2014 inatoka kama mfululizo wa vitabu chini ya chapa ya Hero Bunko, pamoja na picha za Shino Touko, ambaye ndiye aliyebuni sura za wahusika. Mwaka 2017 zikazaliwa manga mbili kwa kupishana miezi mitatu tu. Mei ilianza ile ya jarida la Big Gangan la Square Enix, iliyochorwa na Nekokurage huku Nanao Itsuki akipanga mtiririko wa kurasa. Agosti ikafuata ile ya Sunday Gene-X la Shogakukan, iliyochorwa na Kurata Minoji. Oktoba 2023 ikaja anime, yaani katuni ya runinga.

Kwa hiyo milango ni minne, ingawa kinachowatatanisha watu zaidi ni ile miwili ya manga. Nimepita yote minne, na ninaipenda hadithi hii kiasi cha kutaka kila anayeianza aingie kwa mlango unaomfaa. Nimeona watu wakiiacha kwenye kitabu cha pili, si kwa kuwa hawakuipenda hadithi, ila kwa kuwa waliingilia mlango usio wao.

Kwa asiyeijua kabisa: Maomao ni binti wa miaka 17 aliyelelewa kwenye mtaa wa madanguro na baba mlezi, tabibu Luomen. Siku moja akitafuta mitishamba anatekwa, anauzwa, na kujikuta kijakazi katika ua wanamokaa masuria wa mfalme wa nchi ya Li. Nia yake ni kunyamaza, amalize muda wake, arudi nyumbani. Lakini watoto wa mfalme wanakufa mmoja baada ya mwingine. Watu wanasema ni laana, na yeye akitazama kidogo tu anajua kwamba hakuna laana hapo.

Siri ya kisa hiki cha kwanza nitaitoboa, kwa sababu bila hiyo ulinganisho hautasimama. Nyingine nitakuachia.

Tunapima nini

La kwanza ni fumbo: vidokezo vinawekwaje, na je, msomaji anapata nafasi ya kufumbua mwenyewe? La pili ni mchoro. La tatu ni watu, pamoja na lile suala la mapenzi ambalo wasomaji hubishana juu yake usiku kucha. La nne ni historia, maana hadithi inajiita ya kale na ina wajibu kwa ukale huo. La tano ni kasi, urefu na upatikanaji, mambo ya mfuko na muda.

Fumbo na vidokezo

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hii ni hadithi ya upelelezi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Msomaji wa upelelezi ana madai yake. Anataka vidokezo viwekwe mbele ya macho yake kabla jibu halijatolewa, ili akishindwa ajue ameshindwa kwa haki. Lalamiko ninalolisikia mara nyingi juu ya mfululizo huu ni kwamba Maomao anajua mno: anatazama, ananusa, anakumbuka jambo alilofundishwa na baba yake, na kesi imekwisha. Asiyejua mimea wala madini hakupewa nafasi. Lalamiko hilo lina ukweli, ila uzito wake unabadilika kulingana na mlango ulioingilia.

Katika toleo la Shogakukan, Kurata anakwenda kama mpelelezi mwenye daftari mkononi. Hata jina dogo la manga yake linasema hivyo: ni daftari la Maomao la kufumbua mafumbo ya ua wa ndani. Kisa kinafunguliwa, watu wanaulizwa, vitu vinaonyeshwa, jibu linafika, tunahamia kingine. Faida yake ni kwamba nyuzi zinazounganisha kisa na kisa hazikupotei. Na kwa Hyuuga nyuzi hizo ndizo kila kitu. Moto wa ghala, afisa aliyedhurika kwa sahani ya samaki, ugomvi wa wana wa fundi juu ya urithi: ukivitazama kimoja kimoja ni ajali na mambo ya nyumbani tu. Baadaye unashtuka. Msomaji wa Kurata hushtuka akiwa bado anakumbuka jina la kila mtu, kwa sababu hakukuwa na mengi ya kumtoa kwenye mstari.

Toleo la Square Enix lina njia nyingine ya kuficha. Nekokurage na Nanao wanapunguza mwendo na kukijaza kila kisanduku: mikono, vikombe, ua lililonyauka, upindo wa nguo. Dokezo limo humo humo, mara nyingi pembeni mwa jambo la kuchekesha, na jicho linalokimbilia maneno tu linalipita. Nilisoma sura za mwanzo mara mbili, na mara ya pili ndipo nilipoona ni mangapi niliyokuwa nimeonyeshwa. Mtu anayependa kurudi nyuma kukagua atalipenda toleo hili kupita kiasi. Anayetaka kesi iende atahisi anacheleweshwa.

Riwaya inampa msomaji kitu ambacho picha haziwezi: mawazo ya Maomao yenyewe, namna anavyoanza na dhana, anaitilia shaka, anaiacha, na wakati mwingine anaamua kunyamaza ingawa amekwisha kujua. Kunyamaza huko ni nusu ya utamu. Kijakazi anayejua kilichomuua mtu mkubwa ana sababu nzuri ya kufunga mdomo, na riwaya inakueleza sababu hizo bila haraka. Pia inakuhamisha mara kwa mara kwenye macho ya wengine, kama Jinshi, msimamizi wa ua huo, na msaidizi wake Gaoshun.

Anime nayo ina rangi na sauti, na kuna mafumbo yanayotegemea rangi. Moto unaobadilika kuwa wa kijani au bluu kwa sababu ya chumvi za madini hauwezi kukushangaza sana kwenye ukurasa mweusi na mweupe. Ila anime inakwenda na saa yake, haikungojei ufikirie.

Mchoro

Nekokurage anachora kama mtu anayepamba. Mavazi yana mikunjo na mashada, nywele zina vibanio vinavyoweza kuhesabiwa, na nyuso za masuria zimetofautishwa kiasi kwamba humchanganyi Gyokuyou na Lihua hata wakiwa mbali. Maomao anapofurahia sumu anageuka kiumbe kidogo cha mviringo kama paka, na wasomaji wengi hukiri kwamba sura hizo ndizo zilizowafanya wampende. Mwaka 2019 manga hii ilishika nafasi ya kwanza ya tuzo ya Tsugi ni Kuru Manga upande wa vitabu vya kuchapwa, tuzo inayotegemea kura za wasomaji. Upendo huo haukuja kwa bahati.

Mistari ya Kurata ni myepesi na kurasa zake zinapumua. Maomao wake ni mkavu zaidi, mzito wa macho, na kwangu mimi anafanana zaidi na msichana aliyekulia mahali ambapo miili inauzwa na ambaye hategemei jema kutoka kwa yeyote. Wapo wanaoliona toleo hili kama la kawaida tu. Nadhani wanalipima kwa kipimo cha mwenzake. Ukilisoma peke yake, uwazi wake ni nguvu: unajua nani yuko wapi, mlango uko upande gani, nani alimwona nani.

Riwaya ina picha chache tu za Shino Touko, na nyingine zote unajichorea. Anime ina taa za usiku, hariri na theluji, na sauti ya Yuuki Aoi anayemwigiza Maomao, anayeshuka kutoka kwenye msisimko hadi kwenye uchovu ndani ya sentensi moja.

Watu, na lile suala la mapenzi

Wasomaji wamegawanyika makundi mawili, na yote mawili yana haki. Moja linasoma kwa ajili ya kesi, na kila Jinshi anapoingia na uzuri wake linataka apishe njia. Jingine linasoma kwa ajili ya Jinshi na Maomao, mwanaume ambaye kila mtu anamgeukia na msichana anayemtazama kama konokono aliyepanda ukutani, na kesi ni njia ya kuwakutanisha.

Toleo la Square Enix linalipa kundi la pili muda mwingi: macho yanayokutana, kimya kinachokaa ukurasa mzima, vichekesho vya mmoja kumkimbia mwingine. La Shogakukan halikosi hayo, ila linayapitia na kurudi kazini. Riwaya ndiyo inayoyachelewesha kuliko yote, kwa kuwa Maomao kichwani mwake hataki kabisa kuyafikiria, na sisi tumefungiwa humo pamoja naye. Anime inafuata njia ya kati, na muziki unasukuma pale maneno yanaponyamaza.

Lakini nisingependa mtu adhani watu wa hadithi hii ni hao wawili tu. Waliobaki nami ni wanawake wa pembeni. Yupo Lihua, suria ambaye mwanawe alikufa na yeye mwenyewe akabakia mifupa kitandani, huku wahudumu wake wakiendelea kumpaka poda ileile iliyokuwa ikimdhuru, kwa kudhani wanamtendea wema. Maomao anapotambua hilo anakasirika, na ni moja ya mara chache tunamwona akipoteza utulivu. Katika milango yote minne tukio hilo linauma.

Historia

Li ni nchi ya kubuni. Imejengwa kwa matofali ya China ya kale, yenye ua wa masuria, matowashi, mitihani na vyeo, lakini si nasaba moja iliyonakiliwa. Wengi huihusisha na Tang, iliyotawala kati ya 618 na 907. Hata hivyo mapema tu Maomao anapika kichocheo cha mapenzi kwa kakao, mmea wa Amerika ambao China ya Tang haikuwa na namna ya kuujua. Hata majina yamechanganyika: Maomao na Lihua yanasikika Kichina, Jinshi na Gyokuyou yamesomwa Kijapani. Mwenye kutaka historia ya mwaka na tarehe atachukizwa na milango yote minne kwa usawa.

Ukweli wa hadithi hii uko kwenye dawa na sumu. Rudi kwenye kisa cha kwanza. Watoto wanaugua kwa sababu mama na walezi wao wanajipaka poda nyeupe iliyotengenezwa kwa madini ya risasi. Maomao anachana kipande cha nguo yake, anaandika onyo, analifunga kwenye tawi la maua na kuliacha dirishani. Gyokuyou anasikia na binti yake anapona. Lihua hasikii.

Poda hiyo haikubuniwa na mwandishi. Japani yenyewe iliitumia karne nyingi. Mwaka 1887, katika onyesho la kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, mbele ya mfalme wa Japani, mwigizaji Nakamura Fukusuke alitetemeka jukwaani, na tukio hilo likawafanya watu waanze kuizungumza sumu ya risasi waziwazi. Mwaka 1923, Hirai Ikutaro, daktari wa watoto wa chuo kikuu cha Kyoto, alionyesha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watoto wachanga, uliodhaniwa kuwa wa ubongo tu, ulitoka kwenye poda ya risasi waliyojipaka mama zao. Kwa hiyo msomaji wa Kijapani anapokutana na mtoto wa Gyokuyou, anakutana na kitu ambacho nchi yake imewahi kukizika. Na sisi tusijitoe: baadhi ya wanja, ule unaosagwa kutoka kwenye jiwe linalong'aa, una risasi ndani yake, na bado kuna watoto wanaopakwa machoni. Kisa hicho nilipokisoma nilikwenda kukiangalia kichupa cha nyumbani.

Kati ya milango minne, riwaya ndiyo inayoeleza sumu kwa undani, ikifuatiwa na toleo la Shogakukan, ambalo halioni aibu kutulia na kueleza kama mwalimu. Toleo la Square Enix linakuonyesha dunia yenyewe, vyombo, nguo, vyakula, bustani, hata unahisi umeingia uani. Anime inakupa yote hayo kwa kipimo cha dakika ishirini na kitu.

Wazazi na walimu wazingatie jambo moja. Hadithi haina matusi mengi wala damu nyingi, ila imesimama juu ya utekaji, uuzaji wa wasichana, madanguro na wanaume waliohasiwa. Inayazungumza kwa heshima, lakini inayazungumza. Mimi ningempa kijana wa sekondari, na ningekaa naye kuyajadili.

Kasi, urefu, upatikanaji

Kurata amekwenda mbali zaidi katika hadithi, na vitabu vyake ni vingi zaidi. Nekokurage yuko nyuma yake kwa sababu anakawia kwenye kila tukio. Riwaya iko mbele ya wote. Anime ina misimu miwili ya vipindi 24 kila mmoja, wa pili ukiwa wa mwaka 2025, na kwa pamoja imefunika vitabu vinne vya kwanza vya riwaya.

Kwa msomaji wa Kiingereza, manga inayopatikana kwa urahisi madukani ni ya Square Enix, iliyoanza kutoka kwa Kiingereza mwaka 2020. Kwa msomaji wa Kifaransa, wa Lubumbashi, Bujumbura au Brussels, manga hiyohiyo inachapishwa na Ki-oon. Riwaya ipo kwa Kiingereza pia. Kurasa za manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, jambo linalowasumbua wengi mwanzoni, ingawa aliyepitia madrasa macho yake yameshazoea njia hiyo.

Kwa hali yako

Ukiwa hujawahi kusoma manga yoyote na unaogopa utapotea, anza na anime vipindi vitatu vya mwanzo. Ukimpenda Maomao, nenda kwenye manga. Usipompenda, hakuna toleo litakalokubadilisha.

Ukiwa umekulia kwenye riwaya za upelelezi na unataka kushindana na mpelelezi, chagua Shogakukan, au riwaya ikiwa una subira na maneno.

Ukiwa unasoma ili utazame, yaani unaweza kukaa dakika tano kwenye ukurasa mmoja ukiangalia mavazi na nyuso, Square Enix ndiyo yako. Vivyo hivyo kama Jinshi na Maomao ndio waliokuleta.

Ukiwa unamnunulia mtu zawadi na hujui ladha yake, angalia urahisi wa kupata kitabu cha pili na cha tatu mahali anapoishi. Zawadi ya kitabu kimoja kisichopatikana mwendelezo wake inaumiza.

Ukiwa umemaliza misimu yote miwili ya anime na huwezi kungoja, chukua riwaya kuanzia kitabu cha tano. Utaruka bila kupoteza uzi.

Na ukiwa tayari umesoma manga moja ukataka kuhamia nyingine, usidhani kitabu cha sita cha huku kinaendeleza cha tano cha kule. Mgawanyo wa visa haulingani. Rudi nyuma vitabu kadhaa hadi ufike kwenye kisa unachokikumbuka, na kabla hujalipa soma jina la mchoraji jaladani: Nekokurage au Kurata.